Filamu za kutisha za mzaha: nilizozipenda na zilizonichosha

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, na nikishafunga kompyuta usiku huwa nataka kitu cha mbali kabisa na keki na maua. Huwa natazama filamu za kutisha, na miaka ya karibuni nimeangukia hasa zile zinazozifanyia mzaha filamu za kutisha zenyewe, zilizotengenezwa kwa pesa kidogo. Nazitazama na mdogo wangu wa kike, mwoga kwelikweli, na yeye ndiye kipimo changu. Filamu ikiisha bila yeye kujifunika shuka hata mara moja, najua kuna kitu kimekosekana, hata kama tumecheka.

Nianze na ile ninayoipenda kuliko zote: One Cut of the Dead, ya Japani, mwaka 2017, mwongozaji Shinichiro Ueda. Iligharimu yeni milioni 3 hivi. Waigizaji wake hawakuwa watu wanaojulikana, lakini filamu ikaja kuingiza zaidi ya yeni bilioni 3 nchini mwao. Dakika 37 za mwanzo ni shoti moja, kamera haikatwi hata mara moja. Kikundi kinarekodi filamu ya zombi ndani ya jengo lililoachwa, mara zombi wa kweli wanatokea.

Niseme wazi, dakika hizo zinakera. Mazungumzo yanakwama. Watu wanasimama katikati ya hatari na kuanza kuulizana wanapenda kufanya nini wakati wa mapumziko, kisha kimya kinatanda hadi unajisikia vibaya kwa niaba yao. Damu inarukia lenzi, mkono unatokea na kuifuta. Kamera inaanguka chini na kubaki pale imelala, muda mrefu, kama vile imesahauliwa. Mdogo wangu aliniambia, "Kaka, zima hii." Nilikataa kwa sababu nilishahisi kwamba aliyepanga makosa yale anajua anachofanya. Sitatoboa yanayofuata. Nitasema tu kwamba filamu inarudi nyuma mwezi mmoja, na kuanzia hapo kila kosa lililokukera linapata sababu yake, na sababu hizo ndizo zinazovunja mbavu. Sijawahi kuona filamu nyingine inayouheshimu hivi ufukara wake. Pesa haikuwapo, wakaufanya ukosefu huo kuwa hadithi.

Sasa linganisha na A Haunted House ya mwaka 2013, ambayo Marlon Wayans ameigiza kama mhusika mkuu na kushiriki kuiandika. Iligharimu dola milioni 2.5 hivi, ikaingiza karibu dola milioni 60, kwa hiyo kibiashara haina deni na mtu. Inaifanyia mzaha hasa Paranormal Activity, filamu ya kutisha ambayo mwongozaji Oren Peli aliirekodi nyumbani kwake mwenyewe kwa dola 15,000 hivi. Piga hesabu: mzaha umekula zaidi ya mara 160 ya pesa ya kile unachokifanyia mzaha. Lakini katika ile ya Peli kuna usiku mmoja ambao sijausahau. Kamera imesimama chumbani, saa iliyo pembeni mwa picha inakimbia, na mwanamke ameamka, amesimama kando ya kitanda akimtazama mwenzake aliyelala. Hasogei. Namba za saa zinapita, yeye yuko palepale. Ni kamera, kitanda na mtu, basi, na mdogo wangu alikuwa chini ya shuka.

Ndani ya usiku ule kuna mzaha mkubwa unaosubiri mtu mvumilivu. A Haunted House haina subira hiyo. Inakimbilia gesi za tumbo, matusi, na mchezo wa midoli ya manyoya unaoendelea hadi unachosha. Kinachoniuma ni kwamba Essence Atkins, anayeigiza mwanamke aitwaye Kisha, anaweza. Anaibeba hofu kwa uzito, na kila anapobadilika ghafla filamu inapata uhai. Ningempa yeye nafasi kubwa zaidi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema bajeti ndogo ndiyo inayoziua filamu hizi. Damu ya rangi, meno ya plastiki, zombi aliyepakwa unga usoni: mtazamaji husamehe vyote, tena huvifurahia. Asichoweza kusamehe ni sauti mbovu. Maneno yakisikika kama yanatoka ndani ya pipa, utani umekufa, kwa sababu utani hutegemea neno moja lisikike kwa wakati wake. Niliwahi kuletewa video ya harusi ambayo kipaza sauti kilizimika wakati wa viapo. Picha zilikuwa safi kabisa, na bibi harusi alipoitazama alilia. Hofu nayo ni hivyohivyo. Mlango unaofunguka taratibu bila mlio wake ni ubao unaosogea.

Kasoro nyingine ni kumkumbusha mtu filamu fulani na kudhani umeshamchekesha. Anaingia mtu mwenye barakoa tunayoijua, au msichana mwenye nywele usoni, tunamtambua, halafu basi, hakuna kinachofuata. Wakimtania mtu aliyekuwa maarufu mwaka ule tu, ndiyo mbaya zaidi. Mdogo wangu huniuliza, "Kaka, huyo ni nani?" na nikishaanza kueleza, kicheko kimeshapita.

Inayokwepa mitego hii yote ni What We Do in the Shadows ya New Zealand, mwaka 2014, ya Taika Waititi na Jemaine Clement. Wanyonya damu wanaoishi nyumba moja wanagombana kuhusu vyombo visivyooshwa. Kwa kuwa hawaonekani kwenye kioo, wakijiandaa kutoka wanachorana ili kila mmoja aone alivyopendeza. Na kuna Viago, mstaarabu, anayetandika magazeti sakafuni kabla ya kumng'ata mgeni ili asichafue, halafu anang'ata mshipa mkubwa na damu inaruka kila mahali. Huhitaji kuwa umeona filamu nyingine yoyote kuyaelewa hayo. Sheria za wanyonya damu zinafuatwa kikamilifu, na kicheko kinatoka ndani ya sheria zenyewe.

Attack of the Killer Tomatoes ya mwaka 1978 nitaigusa kidogo tu. Helikopta ilianguka kweli wakati wa kurekodi, waliokuwamo wakasalimika, na tukio hilo likaachwa ndani ya filamu. Tazama hapo, sehemu kubwa iliyobaki iruke.

Kama hujawahi kuonja aina hii, anza na ya Ueda. Zima taa, usisome chochote kuihusu, na usiikatie tamaa kabla ya dakika ya 37. Mdogo wangu yuleyule aliyetaka nizime ndiye aliyeniomba tuirudie tangu mwanzo, usiku uleule. Safari hii kamera ilipoanguka chini alinishika mkono, akaanza kuninong'oneza kinachoendelea upande tusiouona.