Fundi wa vitabu wa River Road

Mwaka jana msomaji mmoja alinirudishia riwaya yangu ya pili ikiwa ndani ya bahasha. Kurasa zilikuwa zimechomoka, naye alikuwa amezipanga kwa namba na kuzifunga kwa mpira. Hakutaka pesa zake. Alitaka kujua zigandishwe kwa gundi gani, kwa kuwa binti yake alikuwa amefika katikati ya hadithi na anataka kuimaliza. Niliona haya mpaka nikashindwa kumtazama usoni. Aliyenichapia kitabu hicho simtaji, ila nilimchagua kwa sababu moja tu: bei yake ilikuwa ya chini kuliko za wengine wote.

Kwa riwaya ya tatu nilitafuta fundi kwanza, bei baadaye. Ndivyo nilivyofika kwenye karakana hii, ghorofa ya tatu ya jengo moja River Road, Nairobi, juu ya maduka ya simu. Hakuna kibao. Uliza "kwa fundi wa vitabu" na watu wa ngazini watakuonyesha, au fuata harufu ya gundi ya moto. Lifti haipo, kwa hiyo siku ya kuchukua mzigo nenda na mtu wa kukusaidia kubeba.

Nilikuwa nimezoea kuulizwa, "Nakala ngapi, madam?" Mzee huyu aliniuliza, "Mwalimu, kitasomwa wapi?" Nikamwambia ni shuleni, na kwamba nakala moja hupita kwenye mikono arobaini kabla ya muhula kwisha. Akachukua karatasi akaichana kutoka juu kwenda chini, ikachanika kwa mstari ulionyooka. Akaichana tena kwa upana, ikaenda upogoupogo. "Karatasi ina nyuzi kama ubao," akasema. Nyuzi zikilala sambamba na mgongo wa kitabu, kitafunguka vizuri. Zikikatiza, mgongo unajikunja kwa mawimbi na kitabu kinajifunga chenyewe kila ukikiachilia. Nimeandika miaka kumi na moja na hakuna mchapaji aliyewahi kunionyesha hilo.

Halafu akafungua faili langu. Pambizo la ndani nilikuwa nimeliacha milimita 12, naye akasema maneno yatamezwa na mgongo. Nikaketi na kijana wake wa kompyuta tukalifikisha milimita 20. Kitabu kikapanda kutoka kurasa 136 hadi 144, nami nikaanza kunung'unika kuhusu gharama. Mzee akanieleza kwamba karatasi kubwa hukunjwa zikawa mikunjo ya kurasa 16, na 144 ni mikunjo tisa kamili. Zile 136 zingeniachia kurasa nane tupu, na ningezilipia vilevile.

Sasa bei, maana ndiyo waandishi wenzangu huniuliza kwanza. Nakala 100 kwa mashine ya dijitali alinipigia shilingi 310 kila moja. Nakala 500 kwa mashine ya pleti, yaani mabamba ya kuchapia, shilingi 170. Pleti ukishazitengeneza gharama yake haibadiliki, uchape 50 au 5,000, ndiyo maana ukiagiza nyingi bei inashuka. Kuishona kwa uzi badala ya gundi peke yake kulikuwa shilingi 40 zaidi kwa kila nakala. Nikakubali kushona, nakala 500. Jumla ikawa shilingi 105,000, nusu kwa M-Pesa siku ya kuagiza na nusu siku ya kuchukua, na risiti nikapewa.

Shilingi 40 si ndogo kwa anayejichapishia. Kitabu nakiuza 500. Duka lililokubali kukiweka linakata asilimia 35, hivyo baada ya gharama ya kuchapa nabaki na shilingi 115, na malipo yanakuja baada ya miezi mitatu. Nikikiuza mwenyewe mkononi nabaki na 290, kabla ya kutoa nauli ya matatu. Lakini mimi sina bango barabarani wala tangazo redioni. Nakala iliyo mikononi mwa msomaji ndiyo inayonitafutia msomaji mwingine, na ikichanika safari yake imekwishia hapo.

Kasoro zipo, na mbili zilinisumbua kweli. Nakala ya majaribio ya jalada aliitoa kwenye karatasi ya kawaida, kwa hiyo sikujua kwamba buluu ya anga ingetoka nzito kuliko nilivyoiona kwenye simu. Kioo cha simu kinatoa mwanga, wino hautoi. Ukienda, sisitiza upewe jaribio kwenye karatasi yenyewe ya jalada, hata kama utaliongezea pesa. Pili, aliniahidi Jumatatu nikapata Ijumaa jioni, ilhali Jumamosi asubuhi nilikuwa na usomaji katika maktaba ya Kaloleni, tawi la maktaba ya McMillan ya Nairobi. Siku nne zile sikulala vizuri. Wewe hesabu wiki moja zaidi ya siku atakayokutajia. Namba ya ISBN, ile inayokitambulisha kitabu chako, nenda nayo tayari kutoka Maktaba ya Kitaifa, na alama yake ya mistari iwekwe juu ya mraba mweupe. Yangu niliichomeka juu ya mchoro, mzee akaijaribu kwa simu, haikusomeka, akaihamisha bila kunidai kitu.

Kaloleni nilisoma sura ya kwanza kwa sauti, kisha nikawaachia watoto vitabu. Msichana mmoja alikiweka chake mezani, akakifungua katikati, akaondoa mikono. Kikatulia wazi. Akasoma huku akimenya njugu, akigeuza ukurasa kwa kidole kimoja safi na kurudi kwenye njugu zake. Nilimtazama mpaka nikasahau kwamba kuna watu wanasubiri niwatilie sahihi. Siku hiyo niliuza nakala 31.

Jumanne nilipanda tena zile ngazi na faili la riwaya ya pili kwenye flashi. Nimeagiza 300, zishonwe, nyuzi zilale sambamba na mgongo. Ya kwanza itakayotoka ni ya yule binti aliyeachwa katikati ya hadithi.