Shangingi pana, njia nyembamba: siku nne na V8 kwenye mashamba ya miti Mufindi

Mwezi Juni mwaka jana nilikodi Toyota Land Cruiser 200, lile ambalo wengi tunaliita V8, kwa wakala mmoja wa jijini Mbeya, nikalitumia siku nne kukagua shamba la miti la familia yetu wilayani Mufindi. Kwa kawaida huenda huko na pikapu yetu kuukuu, Land Cruiser ya jamii ya 70, lakini safari hii nilikuwa na wazee watatu, na mzee hapakiwi nyuma ya pikapu katika baridi ya Juni ya Mufindi akafika salama.

Barabarani sina la kulalamikia. Kutoka Mbeya kupitia Igawa na Makambako hadi Mafinga ni takriban kilomita 250 za lami, na wazee walikuwa wamekwisha kulala tulipopita Chimala. Hata tulipoacha lami na kuingia kwenye barabara kuu za misituni, gari lilikwenda bila shida, kwa kuwa barabara hizo zimechongwa kwa ajili ya malori ya magogo, na palipopita lori lenye upana wa mita mbili na nusu, shangingi hupita likiyumba litakavyo.

Kazi ilianza tulipokata kona kuelekea shambani. Njia ile imezoea pikipiki zilizobeba mbao, pawatila na pikapu, nayo hupita katikati ya mistari miwili ya mipaina. Huku kwetu miche hupandwa mara nyingi kwa nafasi ya mita mbili na nusu au tatu. Bodi ya V8 ina upana wa takriban mita 1.97 kabla hujahesabu vioo vya pembeni. Ukiondoa unene wa mashina na upana wa vioo, kila upande hubaki nafasi ya kiganja kimoja, na hapo ni iwapo mwenye shamba amepogolea matawi ya chini. Jirani yetu hakuwa amepogolea. Pikapu yetu ni nyembamba kwa karibu sentimita 20 tu, kiasi ambacho mtu akikisoma kwenye karatasi hukiona si kitu, lakini kwa miaka yote nimepita hapo na pikapu bila hata kupunguza mwendo.

Jambo ambalo sikulitarajia kabisa ni mikondo ya matairi. Matairi ya kushoto na kulia ya V8 yameachana zaidi kuliko ya magari yaliyoichimba mikondo ile, kwa hiyo tairi la kulia likiingia mkondoni, la kushoto hupanda kingo, na gari zima hulala upande. Gari lenye kimo cha karibu mita mbili likiinama nyuzi kumi tu, paa lake husogea zaidi ya sentimita 30 kuelekea kwenye miti. Nilikuwa nimekazia macho magurudumu na bampa, na kumbe kilichokuwa kinafuata shina la mti ni ukingo wa paa. Mjomba, aliyekuwa ameshuka kuniongoza, alipiga kofi kwenye boneti na kusema, "Mjomba, acha kutazama chini, tazama juu!" Tangu hapo nilipanda na magurudumu yote mawili juu ya kingo, nikauacha mkondo katikati chini ya gari, na mambo yakawa nafuu.

Kwenye kona hali ilikuwa nyingine tena. Magurudumu ya nyuma hayafuati ya mbele, bali hukata ndani, na kwa gari lenye urefu wa mita 2.85 kati ya ekseli, ukikunja usukani hadi mwisho, nyuma hukata ndani kwa takriban sentimita 70. Barabarani dereva hutanua kwanza ndipo akunje. Msituni hakuna pa kutanua, hivyo kona moja niliikata kwa kwenda mbele na kurudi nyuma mara tano, huku vitambuzi vya kuegeshea vikilia mfululizo kwa kila tawi na kila jani hadi nikavizima. Kukunja vioo vya pembeni kwa kitufe kulisaidia kupita, lakini ukivikunja huoni nyuma, na kurudi nyuma bila vioo kati ya mashina ni kumwachia mjomba gari. Kilichonisaidia zaidi ni kubana upande wangu wa kulia, ambao ninauona kwa macho yangu mwenyewe, na kuuachia upande wa kushoto nafasi yote iliyobaki.

Kuhusu nguvu, sina neno. Manyunyu yalikuwa yamelowesha majani ya mipaina juu ya udongo mwekundu, na kilima ambacho pikapu hukipanda kwa kusukumwa, V8 ilikipanda taratibu katika L4, yaani gia nzito ya magurudumu yote manne, difu ya katikati ikiwa imefungwa ili ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja, bila tairi kuzunguka bure. Sijawahi kuendesha gari linalopanda vizuri kiasi hicho. Ila msituni mara nyingi kinachokukwamisha ni mti, na nguvu ya injini haipunguzi upana wa gari.

Mbeya nilirudi na mikwaruzo mirefu mlangoni kushoto na kifuniko cha kioo cha pembeni kilichopasuka. Makosa yalikuwa yangu na niliyakubali, ingawa wakala alikata sehemu ya amana yangu pia kwa mkwaruzo wa bampa ambao ulionekana wazi kwenye picha nilizopiga siku ya kulichukua gari. Anayekodi apige picha kila upande, paa likiwemo, na aulize mapema kama mkataba unaruhusu njia za msituni, kwa kuwa wangu ulikuwa na mstari mmoja kuhusu hilo, nami niliusoma niliporudi.

Mwezi Oktoba wazee walitaka kwenda tena. Nilikodi V8 ileile, nikaiegesha kwenye njia ya kuzuia moto, na binamu yangu akaja na pikapu kuwachukua wawili wawili kwenye kiti cha mbele hadi shambani.