Uzamili wa Wanyamapori: Miaka Miwili Niliyoipitia

Nafundisha Baiolojia sekondari hapa Dodoma. Nilisoma shahada ya uzamili ya uhifadhi wa wanyamapori na bayoanuwai, yaani aina zote za viumbe hai, tasnifu imeshapokelewa, na walimu wenzangu hawaachi kuniuliza kama kozi hii inafaa. Chuo sikitaji, kwa kuwa nina malalamiko nacho na sitaki kuanzisha ugomvi.

Inafaa. Ila ukija kama nilivyokuja mimi, ukitegemea kusoma tabia za simba na majina ya ndege, utashtuka. Mwaka wa kwanza karibu wote ni hesabu: takwimu, ramani za kompyuta, programu ya R ya kuchambulia takwimu. Mimi hesabu niliiacha kidato cha nne. Muhula wa kwanza nililia, na ningeacha kama si somo la kuhesabu wanyama.

Siku moja mhadhiri aliandika ubaoni namba mbili za tembo wa eneo la hifadhi la Ruaha–Rungwa. Sensa ya 2014, ya kuhesabu wanyama kutoka angani, ilikadiria tembo 8,272. Ikarudiwa 2015, wakakadiriwa 15,836. Tembo hubeba mimba miezi 22, kwa hiyo kuzaana hakuwezi kuieleza tofauti hiyo. Darasa likagawanyika. Wapo waliosema tembo walihama, wapo waliosema wahesabuji hawakuwaona, na mmoja aliyekaa kimya muda wote akatuambia tuangalie kwanza upana wa kosa la makadirio, yaani namba halisi inaweza kuwa juu au chini yake kwa kiasi gani, kabla ya kubishana. Nilitoka pale nikiwa mtu mwingine. Tangu hapo kila nikisikia redioni kwamba wanyama fulani wameongezeka, najiuliza wamehesabiwa vipi.

Njia ya kuhesabu wanyama kwa miguu niliipenda zaidi. Mnatembea kwenye mstari ulionyooka porini, na kila swala mnayemwona mnapima yuko mbali kiasi gani na mstari. Walio karibu na mstari mnawaona wote. Kadiri umbali unavyozidi ndivyo mnavyowaona wachache, na huo upungufu ndio unaowasaidia kukadiria wangapi mmewapita bila kuwaona.

Utafiti wangu niliufanya vijiji vinavyopakana na Pori la Akiba Swagaswaga, huku Kondoa na Chemba, kuhusu tembo wanaoingia mashambani. Dodoso nililiandika kwa Kiingereza kwa kuwa ndivyo tasnifu inavyotakiwa, nikalitafsiri usiku kucha, na nyumba ya kwanza tu likanishinda. Niliuliza maoni kuhusu "bayoanuwai". Mama mwenye nyumba akaniuliza kama hiyo ni dawa ya kunyunyizia mahindi. Nililiandika upya lote kwa maneno ya pale, na wiki moja ikapotea. Hilo hakuna aliyetufundisha darasani, na naliona ni pengo kubwa la kozi nzima.

Kisha kuna kifuta jasho, fedha za serikali kwa aliyeharibiwa mazao na wanyamapori. Kwa kanuni za 2011, mkulima aliyeharibiwa mazao alilipwa kwa ekari, zisizozidi ekari tano, na kiwango kilitegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Aliyekuwa ndani ya mita 500 hakupata kitu. Kwenye mhadhara niliiandika kama mstari wa kawaida tu. Kijijini nilisimama na mzee mmoja katikati ya mahindi yaliyolazwa chini usiku uliopita, nikapima kwa kifaa cha GPS umbali hadi bikoni, alama ya mpaka wa hifadhi: mita 430. Nilipomweleza maana yake, alinyamaza kidogo.

"Binti yangu," akasema, "mimi nililima hapa kabla ya hiyo bikoni."

Sikuwa na jibu, na sura ya nne ya tasnifu yangu ilizaliwa pale shambani. Bila miaka hii miwili nisingejua kupima mita zile, wala kuzipanga pamoja na za mashamba mengine hadi ionekane ni wangapi wameangukia ndani ya zile mita 500.

Sasa malalamiko. Sura zangu zilikaa kwa msimamizi miezi mitatu bila kurudi, na barua ya utambulisho ilichelewa hadi nikakosa msimu wa kwanza wa mazao. Fedha za uwandani zilitoka mfukoni mwangu: bodaboda, posho ya kijana wa kuniongoza, betri. Ada ukiishalipa, usidhani umemaliza.

Ukiamua kuja, jifunze takwimu za msingi miezi mitatu kabla ya chuo kufunguliwa. Kibali cha kufanya utafiti porini anza kukifuatilia siku andiko la utafiti wako linapopita. Na kama mada yako ni mazao, uwe kijijini kuanzia mwezi wa tatu, mahindi yakiwa yanakomaa. Ukifika wa tisa utakuta mabua, na tarehe tembo walipoingia shambani kila mtu anakupa yake.