Huduma ya kuuliza maswali ya sarufi ya Kihispania na Kiingereza: uzoefu wangu nikiwa Lamu

Nianze na jibu kwa wanaoniuliza kila mara kama huduma hii inafaa kulipiwa: upande wa Kihispania lipia, upande wa Kiingereza hifadhi pesa zako.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni hapa Shela. Agosti ikiingia, Wahispania wanakuwa wengi. Kuomba chai na kutaja bei nilishajua. Kilichonisumbua ni vitenzi. Huduma yenyewe haina mambo mengi. Unalipa ada ya mwezi, unaandika swali lako kwenye simu, na mwalimu, mtu wa kweli, anakujibu kwa maandishi au kwa sauti. Wangu yuko Bogotá, Kolombia, nyuma yetu kwa saa nane. Ukiuliza saa mbili asubuhi, kwake ni saa sita usiku, basi usitegemee jibu kabla ya alasiri. Mwenye mgeni aliyesimama mbele yake hii haimsaidii.

Lakini majibu yakija, yana uzito. Nichukue swali la safari ya Takwa, magofu ya kale yaliyo kisiwa cha Manda. Kule chombo huingia kwa mkono wa bahari unaopita kwenye mikoko, na maji yakiwa yametoka hufiki. Kwa hiyo kila siku tunawaandikia wageni habari ya maji. Nilitaka kujua kwa nini ni “Cuando suba la marea, salimos”, na si “sube”. Mwalimu akanieleza kupitia Kiingereza: Waingereza hapo hutumia wakati uliopo, Wahispania hawakubali, kwa sababu jambo lenyewe bado halijatokea, kwa hiyo kitenzi kinaingia kwenye hali wanayoiita subjuntivo. Maelezo sahihi, ila ni kuzunguka kisiwa kizima kumbe mlango uko hapo hapo. Sisi tunasema “maji yakijaa tutatoka” na “maji yalipojaa tulitoka”. Tofauti tunayo tayari mdomoni! Ya kwanza ni “cuando suba”, ya pili ni “cuando subió”. Na tazama hilo “salimos”: ndilo “tunatoka”, ndilo “tulitoka”, halibadiliki hata herufi. Anayemwambia mgeni kama chombo kimeshaondoka ni kile kitenzi cha kwanza.

Nilimtumia mwalimu hesabu hiyo ya -ki- na -po-. Aliipenda, kisha akaiwekea mipaka. Ukizungumzia mazoea, yaani maji yakijaa huwa tunatoka, Wahispania husema “cuando sube”. Na ile -ki- yetu yenye maana ya “kama” huenda na “si” ya Kihispania, nayo ni “si sube la marea”, kamwe si “si suba”. Hapo ndipo nilipoona thamani ya pesa yangu. Kitabu kisingeweza kuitazama kanuni niliyojitungia na kunionyesha inapovuja.

Baada ya hapo nikawa kila swali nalipima kwa Kiswahili kwanza. “Quiero que vengas” ni “nataka uje”: kitenzi cha pili kinageuza irabu ya mwisho, kwao na kwetu. Ile “a” wanayoiweka mbele ya neno linalotaja mtu, ambayo wenzetu waliopitia Kiingereza wanaihangaikia, sisi tunaisikia kwenye -m-. “Busco esposa” ni natafuta mke; “busco a mi esposa” ni namtafuta mke wangu. Mwanamume anayechanganya hizo mbili ajieleze mwenyewe nyumbani.

Lalamiko langu kubwa ni hilo basi: huduma inauzwa kwa dunia nzima, lakini kila maelezo yanadhani mwanafunzi anafikiri kwa Kiingereza.

La pili ni “vosotros”, yaani “nyinyi” ya kirafiki ya Uhispania. Huko Amerika ya Kusini watu wengi wakisema “nyinyi” husema “ustedes”, na sentensi zangu zote zilikuwa zinarudi zimesahihishwa hivyo: “¿Quieren desayunar ya?”, yaani mnataka kifungua kinywa sasa? Wageni wetu wanatoka Madrid na Valencia, na wao wakiwa marafiki wanaambiana “¿Queréis?” Wanaelewa, ndiyo, ila “ustedes” kwao ina heshima ya kuwekeana mbali, na wageni hawa siku ya pili tu wanakula na sisi mkeka mmoja. Nilipomwambia mwalimu nataka Kihispania cha Uhispania, alikubali bila neno. Ukijiunga, sema mapema.

Upande wa Kiingereza nisikuchoshe. Mwalimu ni mwingine, na majibu yanaonekana yamenakiliwa. Nimeuliza lini kutumia “a” na lini “the”, nikaletewa orodha ndefu isiyogusa sentensi niliyoandika. Kwetu “nimeona jahazi” na “nimeliona jahazi” hazilingani: ya pili ni lile tunalolijua sote. Kuanzia hapo tungefika mbali, lakini hakuna aliyenifuata.

Wenzangu wa Malindi wenye Kiitaliano chao wanaweza kuruka hatua za mwanzo, ila wasijiamini sana: “burro” kwa Mwitaliano ni siagi, kwa Mhispania ni punda, na hapa Lamu punda hawakosekani.

Na ambaye Kihispania chake kimeshasimama, sioni haja ya kulipa. Real Academia Española, taasisi ya lugha ya Madrid iliyoanzishwa mwaka 1713, imeweka kamusi yake kwenye intaneti bure, na ukibonyeza kitenzi unapata minyambuliko yake yote, “vosotros” ikiwemo. Maswali pia wanajibu. Shida ni kwamba wanajibu kwa Kihispania, na anayeanza atabaki na jibu mkononi bila kulielewa.

Malipo fanya ya mwezi mwezi, hata wakikupa punguzo la mwaka. Mimi nimebakisha Kihispania peke yake hadi Septemba. Wageni wakishapungua nitaangalia kama bado nina maswali.