Tahadhari kwa wazazi wa Tanga: wakala wa "vibali vya watoto" vya Ujerumani ni tapeli

Naandika haya nikiwa na hasira na aibu, lakini nikinyamaza, mzazi mwingine wa hapa Tanga atatumbukia katika shimo lile lile. Baba watoto alitangulia Ujerumani, nasi tukabaki; wakala huyu aliniahidi vibali vya ukaazi vya wanangu ili tumfuate.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya swala ya adhuhuri. Wakala alinipokea katika ofisi yake ya Ngamiani, akaniita dada, akawauliza wanangu wako darasa la ngapi, kisha akafungua droo na kutoa bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na kadi mbili ngumu zenye picha za wanangu, zile zile nilizompa wiki mbili kabla, na chini ya kila picha jina la mtoto na tarehe ya kuzaliwa bila kosa hata la herufi moja. Alimwachia mkubwa wangu aishike. Mtoto aliigeuza mbele na nyuma, akaniuliza, "Mama, hii ndiyo ya kukaa na baba?" Wakala akaniwahi kujibu: "Ndiyo, baba, ukiwa na hiyo huulizwi na mtu." Hapo hapo nilifungua mkoba nikamhesabia shilingi 2,400,000 taslimu, fedha nilizozipata kwa kuuza cherehani na mikufu niliyoachiwa na marehemu mama. Alizihesabu upya, akagonga muhuri kwenye risiti, akaupuliza wino ukauke, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nilimwamini kwa sababu ni mtu wa rika la baba zangu, anaswali msikiti mmoja na shemeji yangu, na nilielekezwa kwake na shoga yangu wa miaka mingi. Tena aliyajua mambo: aliniambia kwamba mtoto wa chini ya miaka 16 hadaiwi mtihani wa lugha, jambo ambalo ni kweli, wakati mimi nilikuwa nimesota miezi na Kijerumani cha ngazi ya A1, ile ya mwanzo kabisa. Kwa kuwa hilo lilikuwa sahihi, na mengine niliyapokea bila kuyahoji.

Tulipofika Dar es Salaam kwa miadi yetu ubalozini, afisa alizitazama kadi zile muda usiozidi nusu dakika, akaziweka kando, akanieleza kwa upole kwamba ubalozi hutoa viza tu, na kwamba kibali cha ukaazi cha mtoto huombwa baada ya kufika, katika ofisi ya wageni ya mji atakaoishi. Watu waliokuwa nyuma yangu walisikia kila neno. Mwanangu akauliza kwa sauti kama baba bado anatusubiri.

Nimefungua jalada polisi na nimepewa RB, namba ya taarifa yangu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 302, inamweka hadi miaka saba gerezani anayejipatia mali kwa udanganyifu, na mimi nataka aitumikie yote saba, kwa sababu hakula fedha zangu tu, bali aliifanya hamu ya mtoto ya kumwona baba yake kuwa chambo. Mtu wa namna hiyo hastahili kuonewa haya kwa sababu ya umri wake wala swala zake. Ofisi sasa ina kufuli, na simu haipokelewi.

Dalili zilikuwepo. Alikataa malipo ya simu. Ada ya viza ya muda mrefu ni yuro 75 kwa mtu mzima na yuro 37.50 kwa mtoto, nami sikuuliza mamilioni yale yanakwenda wapi. Alisema kadi zinatosha, akabaki na vyeti halisi vya kuzaliwa vya wanangu, ambavyo hadi leo anavyo yeye, na kesho asubuhi naanza kuomba vingine RITA.