Vikatio vya chuma kwa biskuti za kutundika kwenye mti wa Krismasi

Seti hii ina vikatio sita vya chuma kisichoshika kutu: nyota, kengele, moyo, mti, malaika na chembe ya theluji. Kuna pia kijibomba cha kutobolea tundu la utepe. Kwa biskuti za kula tu, hata mdomo wa glasi unatosha. Biskuti ya kutundika hubeba uzito wake wote kwenye tundu moja, na hapo ndipo kikatio kizuri kinapojulikana.

Makali yake ni mazuri sana. Yanakata donge la unene wa milimita 5 bila kuliburuta, na ncha za nyota hutoka zimechongoka. Vikatio vingi vya plastiki ni butu, vinabonyeza ukingo badala ya kuukata. Hapa ukingo wa juu umekunjwa, hivyo kiganja hakiumii.

Kijibomba ndicho kinachoangusha seti. Kina upana wa milimita 4 tu, na donge hutanuka likiokwa, kwa hiyo tundu hujifunga na utepe haupiti. Tumia mrija wa milimita 6. Toboa kabla ya kuoka, angalau sentimita 1 kutoka ukingoni, kisha trei ikitoka tu ovenini toboa tena palepale biskuti zikiwa bado laini. Ukizitoboa zikishapoa zitapasuka.

Nyota, kengele na mti havina shida. Moyo utobolewe chini kidogo ya bonde la juu, si kwenye bonde lenyewe. Malaika ana shingo nyembamba, kwa hiyo mtoboe kichwani na umshike kwa uangalifu. Chembe ya theluji haifai kwa kazi hii: matawi yake ni membamba mno, donge hunasa ndani na kinachotoka huvunjika hata ukichovya kikatio kwenye unga kila mara.

Donge nalo lisaidie. Gramu 350 za unga wa ngano, 120 za siagi, 150 za sukari, yai 1, vijiko 2 vya chai vya tangawizi ya unga, chumvi kidogo, na kijiko kikubwa kimoja au viwili vya maziwa likiwa kavu. Usitie bekingi pauda, maana itaumua biskuti na kupoteza umbo. Asali huleta rangi ya kupendeza lakini huvuta unyevu, na biskuti italegea mtini baada ya siku chache.

Weka donge kwenye friji saa 1. Lisukume juu ya karatasi ileile ya kuokea, kata, kisha ondoa mabaki ya pembeni. Ukiinua umbo lenyewe, litavutika na kupinda. Rudisha kwenye friji dakika 15, oka kwa nyuzi 175 za Selsiasi dakika 12 hadi 14, zima oveni na uziache humo dakika 20 zikauke, mlango ukiwa wazi kidogo.

Kwa kupamba, gramu 350 za sukari ya aisingi kwa ute wa mayai 2. Unga wa ute wa yai ni salama zaidi kuliko ute mbichi. Acha mapambo yakauke usiku kucha kabla ya kutundika.

Vikatio vioshwe kwa mkono, kisha virudishwe kwenye oveni iliyozimwa ingali na joto, kwa kuwa maji hujificha kwenye kiungo cha chuma, na hapo hata chuma cha aina hii kinaweza kuanza kushika kutu.