Great Vibes kwenye kadi za harusi za Mwanza: inapendeza, lakini ina mipaka yake

Katika steshenari za katikati ya jiji la Mwanza, fonti (mtindo wa herufi) ya Great Vibes, inayoiga mwandiko wa mkono, imezagaa kwenye kadi za mchango, kadi za mwaliko na mabango ya ukumbini, ingawa wengi wanaoichagua hawaijui kwa jina. Aliyeichora ni Mmarekani Robert Leuschke, ambaye aliwahi kuwa mchoraji wa herufi katika kampuni ya kadi ya Hallmark, na asili hiyo inaonekana. Inapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Google Fonts kwa leseni huria ya SIL Open Font License, hivyo mwenye steshenari anaweza kuitumia katika kazi za kulipwa, ilimradi asiiuze fonti yenyewe peke yake.

Uzuri wake umo katika herufi kubwa, ambazo mikunjo yake mipana hulifanya jina la bwana au bibi harusi lionekane limeandikwa kwa kalamu ya nibu na mtu asiye na haraka. Hata hivyo, neno zima likiandikwa kwa herufi kubwa, mikunjo hiyo hugongana na neno halisomeki.

Kwa Kanda ya Ziwa, mtihani wake mkubwa ni ng' ya majina ya Kisukuma. Herufi ndogo zimeundwa zishikane, mkia wa moja ukiipokea inayofuata; ritifaa (alama ya ') ikiingia kati ya g na w huchukua nafasi yake kamili, mshikamano hukatika, na Ng'washi huonekana kama majina mawili. Fundi mwenye programu ya usanifu ya kompyuta kama Illustrator au CorelDRAW ataivuta w hadi iguse g, huku ritifaa ikibaki juu yao. Anayetengeneza kadi kwa simu, ambako programu nyingi haziruhusu kusogeza herufi mojamoja, ni afadhali atafute fonti nyingine. Kutanua nafasi kati ya herufi, jambo ambalo mafundi wetu wanalipenda mno, huleta kasoro hiyohiyo katika kila neno.

Tatizo lingine ni wembamba. Herufi ndogo ni fupi kiasi kwamba pointi 14 huonekana ndogo kuliko pointi 12 za fonti ya kawaida, na mistari myembamba ya kalamu inapopanda hufifia picha inapotumwa WhatsApp. Kadi ya mchango ni ya kukusanya fedha. Kiasi, tarehe ya mwisho na namba ya mweka hazina lazima visomwe na mjomba aliyeko Ukerewe mwenye simu ya kioo kilichopasuka, kwa hiyo viandikwe kwa fonti iliyonyooka kama Lato.

Kwenye bango la ukumbini, ambako jina moja linajaza kitambaa kizima, sijaona fonti ya bure inayoizidi. Kwenye menyu ya mgahawa wa samaki, ambako mteja anatafuta bei ya sato, isitumike kabisa.